Jinsi ya kupinda kona salama kwa baiskeli barabarani

KONA ndiyo mtihani wa kwanza wa mtu anayeanza kwenda kazini kwa baiskeli. Katika barabara iliyonyooka, magari humpita yakielekea kule anakoelekea. Kwenye kona, njia yake na ya magari hayo hukatana, na dereva asiyejua nia yake hana muda wa kukisia.

Nchini Kenya magari hupita upande wa kushoto. Kwa hivyo kupinda kulia ndiko kugumu zaidi: mwendesha baiskeli hulazimika kuhama kutoka ukingoni hadi katikati ya barabara, kisha kuvuka mbele ya magari yanayotoka upande wa pili.

Maandalizi huanza mbali na magari. Anayeanza afanye mazoezi kwenye uwanja mtupu hadi aweze kutazama nyuma juu ya bega la kulia, na kunyoosha mkono mmoja, bila baiskeli kuyumba. Asiyeweza kufanya hayo uwanjani hataweza kuyafanya mbele ya matatu.

Barabarani, utaratibu ni kutazama nyuma, kutoa ishara, kutazama tena, ndipo kuhama. Ishara ya kwenda kulia ni mkono wa kulia ulionyooshwa kando. Ya kushoto ni mkono wa kushoto. Itolewe mapema, na mikono yote irudi kwenye usukani kabla ya kona. Mwendo nao upunguzwe kabla ya kupinda, si katikati ya kona. Hata hivyo, ishara haimpi mtu haki ya kupita. Ni ombi linalosubiri jibu.

Kulia kwa awamu mbili

Penye magari mengi, anayeanza hana haja ya kuhamia katikati. Avuke makutano moja kwa moja akiwa upande wake wa kushoto, asimame ng'ambo pasipo kuziba njia, aielekeze baiskeli kwenye barabara anayoitaka, kisha angoje taa au polisi wa trafiki aruhusu upande huo. Pasipo taa wala polisi, ashuke na kuvuka akiisukuma baiskeli kwenye kivuko cha wapita njia.

Vivyo hivyo kwenye mzunguko wenye leni kadhaa, ambako magari yaliyomo ndani huja kwa kasi kutoka kulia. Kushuka hapo hupoteza dakika chache tu, na si aibu.

Kushoto na hatari ya malori

Kupinda kushoto huonekana rahisi, lakini kuna mtego wake. Trela linalotaka kupinda kushoto mara nyingi huelekea kulia kwanza ili kupata nafasi, na kuacha mwanya unaovutia kando yake. Linapopinda, magurudumu ya nyuma hupita karibu zaidi na ukingo kuliko ya mbele, na mwanya huo hufungika. Dereva aliye juu huenda asimwone kabisa mtu aliye ubavuni. Katika Eneo la Viwanda jijini Nairobi, ambako malori ni mengi, kanuni ni moja: kubaki nyuma ya lori hadi limalize kupinda.

Matatu nayo isipitwe upande wa kushoto inaposimama, kwani mlango wake hufunguka upande huo na abiria hushuka ghafla.

Mvua inapoanza kunyesha, mafuta na vumbi hufanya lami iteleze, hasa penye mistari ya rangi na vifuniko vya chuma. Kona ipindwe polepole, baiskeli ikiwa wima. Jioni, giza huingia muda mfupi baada ya saa kumi na mbili na nusu, na mkono ulionyooshwa hauonekani pasipo taa wala nguo inayong'aa.

Kabla ya siku ya kwanza ya kazi, ni vyema kuipita njia yote Jumapili asubuhi magari yakiwa machache, kuhesabu kona zake, na kuamua mapema ni zipi za kupinda na zipi za kushuka.