Hesabu ya Jioni: Funzo la Daladala

Ndugu msomaji, ukisimama asubuhi kituoni Tandika au Mwenge, utaona magari yakipishana, makonda wakinadi njia, na maelfu ya watu wakifika makazini mwao. Waweza kudhani yuko mkubwa mmoja aliyeyapanga yote hayo. Hayuko. Wataalamu wa zama hizi wameifanya taaluma kamili: namna wengi, kila mmoja akishika kanuni yake ndogo na kumtazama jirani yake, wanavyozaa utaratibu mkubwa ambao hakuna aliyeuamrisha. Sisi twaweza kujifunza jambo hilo katika historia ya mji wetu.

Mwaka 1970 Serikali iliitaifisha kampuni ya mabasi ya DMT, na mwaka 1974 likaundwa Shirika la Usafiri Dar es Salaam, yaani UDA. Lakini mji ulikuwa ukipanuka upesi kuelekea Manzese, Temeke na Mbagala, na mabasi yakizidi kupungua. Mafuta yalipanda bei, fedha za kigeni zikawa adimu, na vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vikazidisha dhiki. Basi likiharibika, lililala gereji kwa kukosa spea. Ndipo wenye magari wakaanza kubeba abiria kwa kificho, mpaka mwaka 1983 Serikali ilipowapa ruhusa. Nauli ilikuwa shilingi 5, na sarafu ya shilingi 5 watu waliiita dala. Ndiyo asili ya jina daladala.

Tangu hapo magari hayo yamekuwa kama maji yatafutayo mkondo. Mtaa mpya ukijengwa, yalifika. Mabasi ya mwendokasi yalipoanza Mei 2016 katika Barabara ya Morogoro, daladala hazikutoweka, bali zilihamia njia nyingine.

Ama sasa tuitazame kanuni ndogo iliyo chini ya yote hayo, nayo ni hesabu. Mwenye gari hudai kiasi maalumu kila jioni, liwe jua au mvua. Dereva na konda hutia mafuta, hutoa hesabu, na kinachosalia ndiyo riziki yao. Kutokana na kanuni hiyo moja huzaliwa mwendo wa kasi, msongamano, na kukatisha njia kabla ya kituo cha mwisho. Na kwa kuwa mwanafunzi hulipa nauli pungufu, huachwa kituoni na mkoba wake mgongoni. Hakuna kikao kilichokaa kikaamua kumdhulumu mtoto yule. Dhulma hiyo imezaliwa na hesabu.

Linganisha na upatu wa kina mama wa mitaa hiyo hiyo. Hauna ofisi wala askari. Kanuni yake ni fupi: kila mmoja atoe siku yake, na kila mmoja apokee zamu yake. Kwa kuwa wanajuana na wanaoneana haya, fedha kidogo kidogo hujenga vyumba na kulipa ada za shule. Watu ni wale wale, mtaa ni ule ule. Kanuni ndiyo tofauti.

Kwa hiyo, ndugu yangu, tusitosheke na kumlaumu konda. Huenda gari lile ni lako, au la shemeji yako. Ukipanga hesabu isiyopatikana kwa mwendo wa heri, ujue kwamba mguu unaokanyaga mafuta ni wako, ingawa umekaa barazani. Pungufuza siku ya mvua na foleni, au mlipe dereva mshahara unaojulikana. Nawe abiria, konda akimsukuma mtoto, usigeuze uso dirishani, sema neno. Akisema mmoja, wa pili atasema, na konda atajirekebisha, kwani yeye naye huwatazama walio karibu naye.

Mji hauna mkubwa mmoja wa kuutengeneza, basi kila mmoja wetu ana sehemu yake ya amana.