Kamera inaweza kuhesabu moyo wa mutu aliyelala?

Kila pigo la moyo linasukuma damu mpaka kwenye ngozi ya uso, na ngozi inabadilika rangi kidogo sana. Jicho haliwezi kuona, kamera inaweza. Njo hivi mapigo yanahesabiwa bila kumugusa mutu wala kumufunga waya. Mwaka 2008, watafiti wa California, Marekani, walionyesha kwamba kamera ya kawaida na mwangaza wa kawaida wa chumbani vinatosha.

Kivu ya Kaskazini inajua haja hiyo. Wakati wa Ebola ya 2018 mpaka 2020, kumugusa mugonjwa kulikuwa hatari. Huko Beni, shirika la ALIMA lilitumia CUBE, chumba cha plastiki inayopitisha mwangaza: munganga anamuona mugonjwa akiwa inje. Haikuwa kamera ya kuhesabu moyo, lakini wazo ni jirani. Mwezi wa saba 2019 ugonjwa ukafika hapa Goma.

Sasa shida yenyewe, musikilizaji. Kamera hizi zinategemea sana mwangaza wa kijani, sababu damu inaumeza vizuri. Lakini melanini, ile inayofanya ngozi yetu iwe nyeusi, nayo inaumeza. Ishara inayorudi inakuwa dhaifu, hesabu inaweza kukosea. Mutu akikuletea kifaa kama hicho, umuulize kwanza: kilijaribiwa kwa ngozi ya nani?

Usiku, taa ikizimwa, kamera inatumia infraredi, mwangaza sawa na ule wa rimoti ya televisheni. Hausumbui usingizi, na melanini haiumezi sana. Lakini damu pia haiumezi kama kijani, kwa hiyo ishara inabaki ndogo. Kisha mutu anageuka, ama anajifunika blanketi mpaka kichwani. Hapa Himbi, karibu mita 1,500 juu ya bahari, usiku una baridi. Chandarua nacho kinazuia. Usikiondoe hata kidogo sababu ya kamera, malaria haingoji! Na umeme ukikatika, kamera bila betri imekwisha kazi.

Nyumbani, weka vidole viwili kwenye mukono, chini ya kidole gumba, hesabu sekunde 30, zidisha mara mbili. Mukubwa aliyetulia: 60 mpaka 100, akilala inaweza kushuka. Mutoto anapita hapo. Mutu akipumua kwa shida ama akikataa kuamka, usipoteze wakati kuhesabu: mupeleke hospitali.