Mtetemo wa gari wakati wa kukanyaga mafuta

Ni hali ya gari kutikisika injini inaposukuma kwa nguvu, hasa mlimani au likiwa na mzigo, kisha kutulia dereva anapoachia pedeli. Mtetemo huu ni tofauti na ule wa mwendo, ambao huja gari likifika kasi fulani, mafuta yakanyagwe yasikanyagwe. Wengi hukimbilia kubalansi tairi, ilhali tairi lisilo na balansi haliponi kwa kuachia mafuta.

Uchunguzi huanzia barabarani. Fundi hufikia kasi yenye mtetemo, kisha huachia mafuta bila kugusa breki. Mtetemo ukikata hapo hapo, kosa hutafutwa kwenye injini, gia boksi, shafti au propela. Halafu hurudia kasi ile ile kwa gia ndogo zaidi: mtetemo ukibadilika unafuata mizunguko ya injini, usipobadilika unafuata shafti.

Kwa gari linalovutwa na magurudumu ya mbele, mshukiwa mkuu ni sivi jointi ya ndani, upande wa gia boksi. Nyingi zina roli tatu zinazoteleza kwenye mifereji, na mifereji ikilika, shafti hutikisa gari mara tatu kila inapozunguka. Tairi lenye mzingo wa karibu mita 2 huzunguka mara 11 kwa sekunde kwenye kilomita 80 kwa saa, kwa hiyo mitikisiko hufika 33. Jointi ya nje huonyesha ubovu wake kwa kugonga wakati wa kukata kona. Magari madogo yanayonyanyuliwa kwa spesa, kama ilivyo desturi Afrika Mashariki, huzidisha pembe ya shafti, na hata jointi mpya inaweza kutetemeka. Hapo dawa ni kulishusha gari, si kununua jointi nyingine.

Kwa gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma, kama Toyota Hiace, hukaguliwa krosi na beringi ya katikati ya propela. Kila krosi iliyopinda huharakisha na kupunguza mzunguko mara mbili kwa duru moja. Krosi mbili husawazishana pale tu pembe zao zinapolingana na propela imefungwa kwa mpangilio wake. Ndiyo maana fundi makini hutia alama kabla ya kuifungua. Wasiofanya hivyo huzalisha tatizo ambalo halikuwapo.

Injini inayomisi hutikisa kwa kushtukashtuka, na mara nyingi taa ya injini huwaka. Hapo huangaliwa plagi, koili na nozeli. Taa ikipepesa, usikanyage mafuta kwa nguvu: petroli isiyoungua huharibu katalisti. Mauntingi zilizokufa nazo huachia injini iinuke inapopewa mzigo.

Mtetemo ulioanza mara tu baada ya tairi kufunguliwa hauhitaji vipimo hivi. Egesha gari, kaza nati kabla ya kuendelea na safari.