Mafundi wa Chuma na Timu Yao: Habari za West Ham United ya London

Miongoni mwa vilabu vya mpira wa miguu vyenye jina duniani, ni vichache ambavyo asili yake ni jasho la mafundi wa mikono kama West Ham United ya mashariki ya London. Leo klabu hii huchezea katika uwanja uliojengwa kwa ajili ya michezo ya Olimpiki ya mwaka 2012, na wachezaji wake hulipwa mali nyingi. Hata hivyo, nyundo mbili zilizopishana katika alama yake ni ukumbusho wa watu waliokuwa wakigongea misumari ya chuma katika mbavu za meli. Habari za watu hao zastahili kuelezwa, kwa kuwa ndani yake mna mazingatio kwa kila jamaa wanaojenga jambo lao kwa umoja.

Katika karne ya 19 mji wa West Ham ulikuwa ng'ambo ya mto Lea, nje ya mipaka ya London, na sheria zilizozuia viwanda vyenye uvundo mjini hazikufika huko. Kwa sababu hiyo viwanda vya sabuni, vya dawa za kemikali na vya gesi vilisongamana upande huo. Mwaka 1855 likafunguliwa gudi kubwa la Victoria, na watu wakamiminika kutoka mashamba ya Uingereza na kutoka Ireland kutafuta kazi. Wengi walikuwa vibarua, wakisimama langoni kila asubuhi wakingoja kuchaguliwa. Aliyekosa alirudi nyumbani mikono mitupu.

Mahali mto Lea unapoingia katika mto Thames palikuwa na kiwanda cha kuundia meli kilichoitwa Thames Ironworks. Mwaka 1860 kiwanda hicho kiliteremsha majini manowari iliyoitwa Warrior, ya kwanza ya Uingereza kuwa na mwili wa chuma uliovikwa ngao. Ilikuwa kazi ya fahari, lakini pia ya hatari. Mwaka 1898, siku ya kuteremshwa manowari Albion, wimbi lilivunja ulingo waliposimama watazamaji, na watu 38 wakafa maji, wengi wao wanawake na watoto.

Miaka ya mwisho ya karne hiyo ilikuwa miaka ya mvutano baina ya wafanyakazi na matajiri. Mwaka 1889 wafanyakazi wa gesi wa Beckton, wakiongozwa na Will Thorne, walipata siku ya kazi ya saa nane. Na mwaka huo huo vibarua wa magudi ya London waligoma mpaka wakapewa peni sita kwa saa. Mwaka 1892 watu wa West Ham ya Kusini walimpeleka Bungeni Keir Hardie, aliyepata kuwa mchimba makaa ya mawe tangu utoto wake.

Mkuu wa Thames Ironworks wakati huo alikuwa Arnold Hills. Alikuwa mwana wa tajiri, aliyesoma Harrow na Oxford, na mwaka 1879 aliichezea Uingereza dhidi ya Scotland. Alikuwa mtu asiyekunywa pombe wala kula nyama, na aliamini kwa dhati kwamba tajiri na fundi wanaweza kuishi kwa wema. Baada ya migomo kukitikisa kiwanda chake, aliweka utaratibu wa kuwagawia wafanyakazi sehemu ya faida, na mwaka 1894 akakubali saa nane za kazi. Aliunda vikundi vya muziki, vya baiskeli na vya kupiga makasia; na mwaka 1895, kwa shauri la msimamizi mmoja wa kazi aitwaye Dave Taylor, ikaanzishwa timu ya mpira.

Wachezaji walikuwa mafundi na vibarua wa kiwanda. Mchana waligonga chuma, na jioni wakafanya mazoezi. Desemba mwaka 1895 walijaribu kucheza usiku kwa taa za umeme zilizotundikwa juu ya nguzo, na mpira ulichovywa katika chokaa ili uonekane. Mwaka 1897 Hills aliwajengea uwanja mkubwa ulioitwa Memorial Grounds, na msimu ulioishia mwaka 1898 wakatwaa ubingwa wa ligi ya London.

Hapo ndipo penye jambo la kuzingatiwa. Kadiri timu ilivyopanda, ndivyo ilivyohitaji wachezaji wa mshahara kutoka nje. Hills alichukizwa, kwa kuwa nia yake ilikuwa mchezo wa mafundi wake mwenyewe, wanaocheza bila ujira. Kwa upande wa pili, wale waliotaka timu ishindane na kubwa za nchi waliona kwamba mtu atokaye kazini amechoka hawezi kumshinda mwenye kucheza kila siku. Na kwamba fundi ana haki ya kulipwa kwa miguu yake kama anavyolipwa kwa mikono yake. Kila upande ulikuwa na hoja yake. Mwishowe, mwezi wa Juni mwaka 1900, timu ya kiwanda ilivunjwa, na mwezi uliofuata ikasimama upya kwa jina la West Ham United, ikiwa kampuni yenye hisa. Mwaka 1904 ikauacha uwanja wa Hills, ikahamia Boleyn Ground, mtaa wa Upton Park.

Kutengana huko kuliiokoa klabu. Kazi ya kuunda meli ilikuwa ikihamia kaskazini ya nchi, kulikokuwa na makaa na chuma kwa bei nafuu, na mwaka 1912 Thames Ironworks ikafunga milango yake. Laiti timu ingalibaki kuwa mali ya kiwanda, huenda ingalizikwa pamoja nacho. Lakini kwa kuwa ilikwisha kuwa ya mji mzima, ilidumu.

Mwaka 1923 West Ham ilicheza fainali ya kwanza ya Kombe la FA katika uwanja wa Wembley. Watu walioandikwa kuingia walikuwa 126,047, lakini wengine wengi walipanda kuta, hata askari wa farasi wakalazimika kuusafisha uwanja. Bolton walishinda 2–0. Kombe hilo halikufika Upton Park mpaka mwaka 1964. Na mwaka 1965 likafuata Kombe la Washindi la Ulaya. Mwaka 1966, Uingereza ilipotwaa Kombe la Dunia, nahodha alikuwa Bobby Moore, mzaliwa wa Barking, na mabao yote manne ya fainali yalifungwa na Geoff Hurst na Martin Peters, wote watatu wakiwa wa West Ham.

Tarehe 1 Aprili 1972 klabu iliwapanga pamoja Clyde Best wa Bermuda, Ade Coker mzaliwa wa Lagos, na Clive Charles wa mashariki ya London, wachezaji watatu weusi katika timu moja, jambo lililokuwa geni katika daraja la kwanza la Uingereza. Best alivumilia matusi mengi viwanjani. Lakini alisubiri, akacheza, na waliomfuata walipata njia iliyokwisha kufyekwa.

Mwaka 2016 klabu iliuacha Upton Park baada ya miaka 112, na wazee wengi walilia. Mtaa wenyewe umebadilika: katika hesabu ya watu ya mwaka 2021, zaidi ya theluthi moja ya wakazi wa Newham, eneo lililoumeza mji wa West Ham, walikuwa Waislamu. Mwaka 2023 klabu ilitwaa kombe la Ulaya huko Prague kwa kuifunga Fiorentina 2–1.

Kiwanda hakipo tena. Manowari Warrior ingali ikielea Portsmouth kwa watazamaji. Na kile walichokianzisha mafundi jioni, baada ya kazi, hakijakoma hata leo.