Kitambaa cha Hariri na Siri ya Nuru

Katika miaka ya 1780 Francis Hopkinson wa Philadelphia, Marekani, alitazama taa ya njiani kupitia kitambaa chake cha hariri. Akaona nyuzi zimekuwa nene, na hata alipokisogeza kitambaa, mistari ile haikusogea. Akamwuliza David Rittenhouse, fundi wa saa. Rittenhouse akapanga nywele kama 50 sambamba, akachungulia: nuru ikajitenga kwa rangi.

Kwa nini? Nuru huenda kwa mawimbi. Ikipita katika nafasi nyingi nyembamba, mawimbi yake hutawanyika na kukutana. Yakipanda pamoja huongezeana nguvu. Moja likipanda na jingine likishuka, huuana. Kila rangi ina urefu wake wa wimbi, basi hung'aa mahali pake.

Mwaka 1821 Joseph Fraunhofer, fundi wa vioo wa Ujerumani, alipima mawimbi hayo kwa safu ya nyaya nyembamba. Siku hizi huchorwa mistari zaidi ya 1,000 katika milimita moja. Kwa chombo hicho twajua kuwa jua lina chuma, ingawa hakuna aliyelifikia.

Usiku wa leo tazama taa ya mbali kupitia kitambaa chembamba. Unaona nini? Uliza sababu, kama Hopkinson.