Luano, mlango wa juu wa Lubumbashi

Ndugu wasomaji, pengine mtajiuliza: katika kitabu hiki cha mila na desturi, uwanja wa ndege unatafuta nini? Ulizo hilo ni la haki. Lakini mila si ngoma, mahari na matanga tu. Namna ya kupokea mgeni nayo ni mila, na labda ni ya kwanza kuliko zote. Kwetu mgeni akifika anapewa kiti, anapewa maji ya kunywa, kiisha njo anaulizwa habari za njia. Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Basi tunataka kuangalia namna mji wetu ulivyopokea wageni wake pale Luano, tangu zamani mpaka leo.

Tulianza kazi hii kwa sababu ya mwanafunzi mmoja wa darasa la sita la sekondari. Siku ile tulikuwa tunafundisha habari za uhuru. Akanyoosha mkono: «Mwalimu, Lumumba alifika ku Lubumbashi mara ngapi?» Sisi tukajibu haraka haraka: «Mara moja, siku ya kufa kwake.» Jioni tulifungua vitabu, tukaona haya. Jibu letu halikuwa la kweli. Na kila tulipotafuta jibu lingine, njia ilitupeleka pahali pamoja: ku Luano.

1. Treni kwanza, ndege baadaye

Mji wetu ulizaliwa mwaka 1910 kwa sababu ya shaba, na mwaka ule ule treni iliyotoka Rhodesia ikafika. Mwaka 1928 reli nyingine ikafika mpaka Port-Francqui, ambayo leo ni Ilebo. Kwa hiyo wazee wetu wengi waliingia Élisabethville kwa mlango wa chini: kwa treni ama kwa miguu, wakienda kutafuta kazi ya Union Minière. Mlango wa juu ulikuja nyuma, na mwanzo haukuwa wao.

Mwaka 1925 Mbelgiji Edmond Thieffry alirusha ndege toka Bruxelles mpaka Léopoldville. Ile safari ilimtwaa siku 51. Kampuni ya Sabena, iliyokuwa imeanzishwa mwaka 1923, ikafungua njia za ndani ya koloni, na kabla ya mwisho wa miaka ya 1920 Élisabethville ilikwisha kuunganishwa na Léopoldville kwa ndege. Ndege zilikuwa ndogo, zilibeba barua na wazungu wachache. Wazee wetu waliita kile kitu «ndeke», jina la nyuni, na mpaka leo mu mji wetu tunasema vile: ndeke imefika, ndeke imeruka.

2. Uwanja mkubwa

Baada ya vita vya pili vya dunia serikali ya Ubelgiji ilitunga mpango wa miaka kumi, 1949 mpaka 1959, kwa kujenga barabara, nyumba, hospitali na viwanja vya ndege. Ilikuwa ni katika miaka ile ya 1950 ambapo Luano, upande wa kaskazini-mashariki ya mji, ilipata sura ya uwanja mkubwa.

Wanafunzi wanauliza kwa nini pisti ya Luano ni ndefu vile, zaidi ya mita 3,000. Jibu liko katika jeografia. Sisi tunakaa juu, karibu mita 1,300 juu ya bahari. Huku hewa ni nyepesi, na wakati wa jua kali inazidi kuwa nyepesi. Ndege inasimama juu ya hewa kwa mabawa yake, kwa hiyo hewa ikiwa nyepesi inapaswa kukimbia sana mbele ya kuruka. Ndege nzito yenye kwenda mbali haiwezi kutosheka na pisti fupi.

Lakini pisti ndefu haitazami kama kinachotua ni barua, wafanya biashara ama askari. Mwaka 1960 jambo hilo lilionekana.

3. Mgeni wa mwaka 1960

Mwezi wa 1 mwaka 1960 Patrice Lumumba aliletwa Katanga kama mfungwa, akafungwa katika gereza la Jadotville, yaani Likasi ya leo. Lakini ku Bruxelles mkutano wa Table Ronde ulikuwa umeanza, na wajumbe wa Kongo hawakukubali kuendelea bila yeye. Baada ya siku chache tu akafunguliwa, akapanda ndege hapa Élisabethville, akaenda Bruxelles. Kule alionyesha watu alama za pingu ku mikono yake. Hii ni mara ya kwanza katika hesabu yetu: aliingia mfungwa, akatoka huru.

Mara ya pili alikuja akiwa mkubwa wa serikali. Uhuru ulipatikana tarehe 30 mwezi wa 6. Tarehe 11 mwezi wa 7 Moïse Tshombe akatangaza kwamba Katanga imejitenga. Kesho yake, tarehe 12, Rais Kasa-Vubu na waziri wake wa kwanza Lumumba walifika juu ya mji wetu ndani ya ndege moja. Godefroid Munongo, waziri wa mambo ya ndani wa Katanga, akawakatalia kutua. Ndege ikageuka, ikarudi. Rais wa inchi na waziri wa kwanza walikuwa juu ya kichwa chetu, na mlango ukafungwa.

Mwezi mmoja nyuma, tarehe 12 mwezi wa 8, alikuja Dag Hammarskjöld, mkubwa wa ONU, pamoja na askari wa Sweden. Naye alibishana na watu wa chini akiwa angali angani, sababu walitaka yeye atue na askari wake wabaki. Mwisho wote walitua. Njo vile askari wa ONU waliingia Katanga.

4. Tarehe 17 mwezi wa 1 mwaka 1961

Mara ya tatu kila mtu anaijua, ingawa wengi wanaijua nusu. Lumumba alikuwa amefungwa ku Thysville pamoja na Maurice Mpolo na Joseph Okito. Siku ile walipelekwa Moanda, na toka Moanda wakapandishwa katika ndege DC-4 ya Air Congo. Ndani ya ndege walipigwa njia nzima. Karibu saa kumi na moja ya jioni ndege ilitua Luano na ikapelekwa upande wa askari, mbali na macho ya wasafiri. Kikosi cha ONU kilikuwa pale pale uwanjani. Askari wa Sweden waliona kwa mbali watu watatu wamefungwa wakishushwa kwa vipigo, wakatiwa ndani ya motokari. Hawakuingilia.

Walipelekwa katika nyumba iliyokuwa karibu na uwanja, villa Brouwez, wakateswa tena. Usiku ule ule wakapelekwa porini upande wa njia ya Likasi, pahali panapoitwa Shilatembo, wakapigwa risasi. Toka kutua mpaka kufa hazikupita saa sita. Watu wa mji walitangaziwa kifo chao tarehe 13 mwezi wa 2, na ile habari nayo ilipakwa uongo, kwamba walitoroka wakauawa na wanakijiji.

Tunajua kwamba mu mji wetu kuna jamaa zinazomkumbuka Tshombe kwa heshima na jamaa zinazomlilia Lumumba. Pengine ziko katika kiwanja kimoja, zinachota maji ku robine moja. Hatuandiki kwa kufufua magomvi. Tshombe naye ndege ilimpeleka asikotaka: tarehe 30 mwezi wa 6 mwaka 1967 ndege yake ilitekwa, ikapelekwa Algérie, na kule alikufa kifungoni mwaka 1969. Lakini kwa mila yetu, hata adui akiisha kuingia katika kiwanja chako hafungwi wala kupigwa mlangoni. Kwanza anasikilizwa. Siku ile ya Luano desturi hiyo ilivunjwa, na waliohusika walikuwa wengi: wa Léopoldville waliomtuma, Wabelgiji waliosaidia, wa Katanga waliompokea, na wa ONU waliotazama.

5. Vita juu ya pisti

Mwezi wa 9 mwaka 1961 vita vikawaka kati ya ONU na askari wa Katanga. Ndege moja tu ya vita ya Katanga, aina ya Fouga Magister, ilitosha kutia hofu mu mji wote na kushambulia hata uwanja wa Luano. Tarehe 17 asubuhi ndege DC-6 iliyoitwa Albertina ilipigwa risasi ikiruka toka hapa kwenda Léopoldville. Ikatengenezwa kule, na jioni ile ile ikambeba Hammarskjöld kwenda Ndola kuonana na Tshombe. Usiku ilianguka karibu na Ndola, naye akafa.

Mwezi wa 12 vita vilirudi. Askari wa Katanga waliweka vizuizi katika njia inayounganisha Luano na mji, kwani walielewa vizuri: anayeshika uwanja anaweza kuleta watu na silaha, na anayefunga njia anamziba pumzi. ONU ilibakia na uwanja. Mwezi wa 1 mwaka 1963 kujitenga kwa Katanga kukaisha.

6. Toka Air Congo mpaka Korongo

Mwaka 1966 Élisabethville ikaitwa Lubumbashi. Mwaka 1971 inchi ikaitwa Zaïre, na Air Congo ikawa Air Zaïre. Mwaka 1972 serikali ikaunda Régie des Voies Aériennes, RVA, ya kusimamia viwanja. Shaba ilikuwa na bei, Gécamines ilikuwa na nguvu, na mwananchi naye alianza kupanda ndege: mwalimu, muuguzi, mwanafunzi wa chuo kikuu. Kwetu sisi tuliokuwa watoto miaka ile, kwenda kutazama ndeke ku Luano siku ya Mungu kulikuwa ni sherehe.

Katika miaka ya 1990 Gécamines ilididimia, na mwaka 1995 Air Zaïre ikafilisika. Zikaja kampuni ndogo ndogo zenye ndege zilizochoka. Tarehe 9 mwezi wa 4 mwaka 1997 AFDL ikatwaa Lubumbashi. Tarehe 17 mwezi wa 5 Laurent-Désiré Kabila akajitangaza Rais akiwa huku kwetu, na tarehe 20 akafika Kinshasa kwa ndege. Kwa mara moja uongozi wa inchi ulitoka Lubumbashi kwenda Kinshasa, si kinyume.

Wakati wa vita vya 1998 mpaka 2003 njia za inchi zilikatika. Kati ya Lubumbashi na Kinshasa, zaidi ya kilomita 1,500, ndege ndiyo ilibaki kuwa barabara. Mwaka 2006 Umoja wa Ulaya ulikataza kampuni za ndege za Kongo kuruka katika anga yake, kwa sababu ya ukosefu wa usalama. Mwaka 2009 ilianzishwa Go-Pass, dola 10 kwa safari ya ndani na dola 50 kwa safari ya inje, kwa kutengeneza viwanja. Kiisha Banki ya Afrika ya Maendeleo ikasaidia kazi za usalama wa anga, Luano ikiwamo. Mwaka 2012 kampuni ya Korongo ilianza kuruka ikiwa na makao yake hapa Lubumbashi, jina lake la Kiswahili limeandikwa ku ndege. Mwaka 2015 ikafungwa, na mwaka ule ule Congo Airways ikaanza.

7. Desturi za Luano

Mlango ambao mwanzo haukuwa wetu, leo tunao desturi zetu pale. Msafiri mmoja anasindikizwa na watu kumi. Mama anamfungia mtoto wake bukari na samaki ndani ya valizi hata kama kilo zimepita. Na wengi hawaondoki mpaka ndege ipotee machoni. Mwili wa marehemu ukitoka mbali, wanawake wanaupokea kwa nyimbo na vilio mbele hata ya karatasi kuwekwa sahihi. Na TP Mazembe ilipotwaa kombe la Afrika mwaka 2009 na 2010, kiisha ikafika mpaka finali ya dunia ku Abu Dhabi, wapenzi wake hawakuhitaji tangazo ili kuitolea shukrani.

Mara ya nne Lumumba alikuja mwezi wa 6 mwaka 2022. Ubelgiji ulikuwa umerudisha jino lake moja, kitu pekee kilichosalia kwa mwili wake. Kabla ya kuzikwa Kinshasa sanduku lilizungushwa katika inchi, likafikishwa na huku kwetu, likapelekwa mpaka Shilatembo. Safari hii hakuna aliyefunga pisti, wala aliyeficha ndege upande wa askari. Wakubwa walisimama, watu walilia. Mgeni alipokelewa kama mila inavyotaka, lakini kwa kuchelewa miaka 61.

Sasa tukifundisha somo hili tunajibu: «Mara nne tunazozijua.» Kiisha tunawauliza wanafunzi wetu: ni mara ngapi mji ulimpokea? Darasa linanyamaza kidogo, na hapo njo somo linaanza.

Tunaomba jambo moja kwa wasomaji. Wazee waliokuwa vijana mwaka 1961 leo wamepita miaka themanini. Waliofagia pale Luano, waliobeba mizigo, walioendesha motokari, walioona na kunyamaza, wangali wachache kati yetu. Ukiwa na mmoja nyumbani kwako, mpe kiti, mpe maji ya kunywa, kiisha umuulize habari za njia. Na uandike.