Waliobaki Nanjing: Hospitali Katika Mji Uliotekwa



Katika tafakari ya juma hili tunapenda kuitazama historia ya mji ulio mbali nasi, mji wa Nanjing nchini China, katika majira ya baridi ya mwaka 1937. Tunapousikia mfano wa Msamaria Mwema (Lk 10:25-37), mara nyingi tunawaza majeruhi mmoja, mnyama mmoja wa kumbebea, na nyumba moja ya wageni. Je, itakuwaje majeruhi wakiwa maelfu, na wanyang'anyi wakiwa bado wamesimama barabarani? Hospitali moja ya mji huo ilikutana na swali hilo usiku na mchana. Nayo inatuachia swali la pili, ambalo sisi Wakristo hatujazoea kujiuliza: Msamaria mwenyewe akichoka, nani atamhudumia?

Vita vinaukaribia mji

Vita kati ya Japani na China vilianza tarehe 7 Julai 1937 karibu na Beijing. Mwezi Agosti vikafika Shanghai, na tarehe 15 ya mwezi huohuo ndege za Japani zikaanza kuishambulia Nanjing. Nanjing ulikuwa mji mkuu wa China, wenye wakazi wapatao milioni moja, kando ya Mto Yangtze. Tangu siku hiyo wakazi wake waliishi kwa kusikiliza king'ora, kukimbilia mahandaki, na kurudi kutazama kama nyumba zao zingali zimesimama.

Shanghai ilipoanguka mwezi Novemba, serikali ya China ilitangaza kuhamia Chongqing, mbali upande wa magharibi. Wenye uwezo wakapanda meli. Watumishi wa serikali, walimu wa vyuo na madaktari wengi nao wakaondoka. Hatuwahukumu, kwa maana walikuwa na watoto na wazee wa kuwaokoa. Lakini tuangalie ni akina nani waliobaki: hasa ni maskini, wasio na nauli wala ndugu wa kuwapokea, pamoja na wakimbizi waliokuwa wamefika kwa miguu kutoka vijiji vilivyokwisha kuchomwa moto.

Mfano wa padre mwenye mkono mmoja

Ili kuelewa yaliyofuata, yatupasa kwanza kurudi Shanghai. Huko alikuwako Padre Robert Jacquinot de Besange, Mjesuiti kutoka Ufaransa, aliyekuwa amepoteza mkono wake wa kuume katika mlipuko miaka mingi kabla. Mwezi Novemba 1937 padre huyu alizungumza na wakuu wa pande zote mbili za vita, akawashawishi wakubali kwamba sehemu moja ya mji wa kale wa Shanghai isiwe na majeshi wala isishambuliwe. Sehemu hiyo ilifunguliwa tarehe 9 Novemba, na watu wapatao 250,000 walipata hifadhi humo.

Wageni wachache waliokuwa Nanjing, wengi wao wamisionari wa Kiprotestanti kutoka Marekani, waliupata mfano huo wakauiga. Waliunda kamati ya kimataifa na kutenga Eneo la Usalama lenye ukubwa wa kilometa za mraba zipatazo 4. Mwenyekiti wao alikuwa John Rabe, mfanyabiashara Mjerumani wa kampuni ya Siemens, tena mwanachama wa chama cha Nazi. Jambo hilo linatushangaza, na ni haki litushangaze. Hata Msamaria wa Injili alikuwa mtu ambaye wasikilizaji wa Yesu hawakutazamia jema kutoka kwake.

Japani haikulikubali rasmi Eneo hilo. Ilisema tu kwamba haitalishambulia iwapo hapatakuwa na askari ndani yake. Kwa ahadi nyembamba namna hiyo, watu zaidi ya 200,000 waliingia humo na kujazana katika shule, vyuo, nyumba za watu na vibanda vya mikeka. Wengi waliishi kwa uji wa mchele uliopikwa katika masufuria makubwa, nao uji ulitegemea kama siku hiyo lori limeruhusiwa kupita.

Hospitali ya Gulou

Ndani ya Eneo hilo ilikuwapo Hospitali ya Chuo Kikuu, iliyoanzishwa mwaka 1892 na mmisionari daktari William Macklin, mzaliwa wa Kanada. Wenyeji waliiita hospitali ya Gulou, kwa jina la mnara wa ngoma uliokuwa karibu nayo. Wafanyakazi wake wengi walikuwa wamekwisha kuondoka. Daktari wa upasuaji alibaki mmoja, Robert Wilson, Mmarekani aliyezaliwa Nanjing humohumo, mtoto wa wamisionari wa Kimetodisti. Mke wake na binti yao mchanga alikuwa amewasafirisha. Yeye mwenyewe akabaki. Pamoja naye walikuwako Dk. C. S. Trimmer, Iva Hynds na Grace Bauer, na Mchungaji James McCallum aliyesimamia uendeshaji wa hospitali na kuendesha gari la wagonjwa kwa mikono yake. Tena walikuwako wauguzi na wahudumu Wachina, ambao majina yao wengi hatuyajui, nao walikuwa katika hatari kubwa kuliko hao wageni, kwa kuwa hawakuwa na bendera ya nchi nyingine ya kuwakinga.

Tarehe 12 Desemba 1937 ilikuwa Dominika ya tatu ya Majilio, Dominika ambayo Mama Kanisa huwaalika wanawe wafurahi. Siku hiyo mizinga ilikuwa ikipiga kuta za mji, na jioni kamanda wa majeshi ya China akavuka mto na kukimbia. Kesho yake majeshi ya Japani yakaingia. Yaliyofuata kwa majuma sita yanajulikana duniani kote kama mauaji ya Nanjing. Mahakama ya kimataifa iliyoketi Tokyo baada ya vita iliona kwamba waliouawa mjini na pembezoni mwake walizidi 200,000. China yenyewe hutaja 300,000. Wanawake kwa maelfu walitendewa jeuri.

Kwa daktari mmoja mpasuaji, hesabu hizo zilikuja kama foleni mlangoni. Walifika watu wenye majeraha ya risasi, ya singe na ya moto. Miongoni mwao alikuwa Li Xiuying, mwanamke wa miaka 18 mwenye mimba, aliyepambana na askari waliotaka kumnajisi mnamo tarehe 19 Desemba. Walimchoma mara nyingi. Mwenyewe alihesabu majeraha 37. Mtoto alifariki, lakini mama akapona chini ya mikono ya Dk. Wilson, akaishi hadi mwaka 2004, akishuhudia yaliyompata.

Hospitali yenyewe haikuwa salama. Askari waliingia na kuwanyang'anya wauguzi saa na kalamu zao. Mwezi Januari 1938 Mchungaji McCallum alichomwa singe shingoni alipowataka askari watoke, akanusurika. Wagonjwa waliopona hawakuwa na mahali pa kwenda, kwa maana nyumba zimeungua na jamaa wametoweka. Hivyo vitanda havikupatikana kwa wapya. Na kwa majuma mengi hakuruhusiwa daktari mwingine kuingia mjini kumsaidia Wilson.

Kuuguza na kushuhudia

Pamoja na kazi hiyo, watu hao walifanya nyingine: waliandika. Dk. Wilson aliiandikia familia yake barua zilizokuwa kama kumbukumbu za kila siku. Mchungaji John Magee wa Kanisa la Kiepiskopali alipiga picha za sinema katika wodi za hospitali, na mwenzake George Fitch akazitoa nje ya mji zikiwa zimeshonwa ndani ya koti lake. Katika Chuo cha Wanawake cha Ginling, ambako mwalimu Minnie Vautrin aliwahifadhi wanawake na watoto wapatao 10,000, msaidizi wake Bi. Cheng Ruifang, mama wa miaka 62 aliyesomea uuguzi, aliandika shajara yake kwa Kichina. Mwaka 1946 Wilson na Magee walitoa ushahidi mbele ya mahakama ya Tokyo. Filamu ya Magee na shajara ya Bi. Cheng zimo katika kumbukumbu ambazo UNESCO iliziorodhesha mwaka 2015.

Kumbe kuuguza na kusema kweli ni matendo mawili ya huruma moja. Ajifunikaye macho mbele ya jeraha hawezi kulifunga. Si nia yetu kuchochea chuki dhidi ya taifa lolote. Dhambi hizo zilitendwa na watu, na watu wa kila taifa wameweza kutenda za namna hiyo. Lakini msamaha hauhitaji uongo. Huanzia pale jeraha linapotajwa kwa jina lake.

Mipaka ya wema wetu

Tusiipambe historia hii kupita kiasi. Askari wengi wa China walikuwa wametupa silaha na kukimbilia ndani ya Eneo. Kamati iliamini kwamba, wakiisha kunyang'anywa silaha, wangetendewa kama mateka wa vita. Hawakutendewa hivyo. Walitolewa makundi kwa makundi na kuuawa, na pamoja nao raia wengi waliodhaniwa kuwa askari. Rabe na wenzake waliibeba huzuni hiyo. Tena jitihada zao hazikuwaokoa wote waliopiga magoti kuomba ulinzi.

Je, walifanya kazi bure? Hasha. Wengi katika wale zaidi ya 200,000 waliishi. Na mwaka 1949 Mapatano ya nne ya Geneva yaliweka katika sheria ulinzi wa hospitali za raia na namna ya kutenga maeneo ya usalama wakati wa vita. Mtaguso wa Pili wa Vatikano nao, katika hati ya Gaudium et Spes (n. 80), ulilaani tendo lolote la vita linaloangamiza miji mizima pamoja na wakazi wake. Hata hivyo, nani miongoni mwetu hajasikia, katika miaka yetu hii, habari ya hospitali iliyopigwa bomu?

Nani atamhudumia Msamaria?

Tunarudi sasa kwenye swali letu la pili. Dk. Wilson alirudi Marekani mwaka 1940, afya yake imevunjika. Rabe alirudi Ujerumani, akakamatwa na polisi wa siri kwa kusema aliyoyaona, na baada ya vita akaishi katika ufukara. Watu wa Nanjing ndio waliochanga na kumpelekea chakula mwaka 1948. Minnie Vautrin, ambaye wanawake wa Ginling walimwona kama mama yao, alielemewa na huzuni akiamini kwamba ameshindwa, na mwezi Mei 1941 akajitoa uhai.

Tunalitaja hili kwa heshima na kwa sala. Uhai ni zawadi ya Mungu, wala si mali yetu kuutupa. Lakini Katekisimu (n. 2282-2283) inatufundisha pia kwamba fadhaa nzito ya moyo inaweza kupunguza wajibu wa mtu, na kwamba tusikate tamaa juu ya wokovu wake. Mama huyu alikuwa amebeba mzigo wa watu 10,000, na haukupatikana mkono wa kutosha wa kumtua.

Maandiko yanatupa mfano mwingine. Nabii Eliya alipochoka hadi kutamani kufa chini ya mretemu, Mungu hakuanza kwa kumkemea. Alimtuma malaika na mkate na maji, akamwacha alale, kisha akamlisha tena (1 Fal 19:4-8). Safari ikafuata baadaye.

Wapendwa, katika jumuiya zetu ndogo ndogo wamo wauguzi wanaotoka zamu ya usiku, wamo mabinti wanaowauguza wazazi wao kwa miaka, wamo makatekista wanaoitwa kwenye kila msiba. Sisi huwashukuru, kisha huwaongezea kazi. Juma hili tumtafute mmoja wao. Tumpelekee chakula, tumpokee zamu ya usiku mmoja, tumsikilize bila kumpa mahubiri. Na wewe unayehudumia, ukiona moyo umekuwa mzito mno, usione haya kusema: mwambie padre wako, mwambie daktari, mwambie ndugu.

Wale waliobaki Nanjing hawakuwa na nguvu ya kuzuia vita. Walikuwa na mikono, sindano, uzi na kalamu, wakavitumia hadi vikaisha. Tuwaombee wao na wote waliofariki katika mji ule, na tumwombe Bwana asitunyime moyo wa kubaki, wala moyo wa kuwatunza waliobaki.